Gereji ya mzee mmoja Kisumu, na kile kikombe cha 4,500 kilichonikula laki na ushee

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja iliyobaki nitawaambia ilienda wapi lakini si sasa.

Lazima nianze na gari juu bila hiyo hamtaelewa kwa nini nasifu mtu ambaye alikaa na gari yangu siku 11, mimi napanda matatu na katoni za dawa ya ng'ombe kwa mapaja.

Ni hatchback ya Mjerumani ya 2008, petroli, lita 2, turbo, gia otomatiki. Kampuni sitaji, wenye wanazo watajua nasema gari gani kabla hata sijafika katikati. Niliinunua hapa Nakuru, mimi ni wa tatu kwa lojibuku, mileji ilikuwa inasoma 96,000 na hata broka mwenyewe alikuwa anaangalia kando akitaja hiyo namba. Sikujali. Niliiendesha kutoka Section 58 mpaka Free Area na kurudi, nikaikanyaga kidogo, ikanibandika kwa kiti, nikasema hii nachukua. Hata viatu sijawahi kununua haraka hivyo.

Na haikuwa ujinga mtupu, sababu nilikuwa nayo. Kazi yangu ni kusambaza dawa za mifugo kwa agroveti, Jumanne na Alhamisi niko barabara: Nakuru, Salgaa, Mau Summit, Kericho, Awasi, Ahero, Kisumu, halafu nageuza. Kisumu iko chini, mita 1,100 na kitu, Nakuru ni kama 1,850, na katikati unapanda juu kuliko zote mbili. Huko juu hewa ni nyepesi na gari ya kawaida inaishiwa pumzi, ndio unaona magari yamejipanga nyuma ya lori moja la majani chai na hakuna anayethubutu kutoka. Turbo inashindilia hewa ndani ya enjini kwa hivyo mlima hauisikii sana. Gari yangu ya kwanza ilikuwa ya 1300 isiyo na turbo, milima ya Kericho nilikuwa naipanda nikiomba. Hii nikawa naipanda nikiimba.

Niliimba miezi mitano.

Siku moja nimetoka Kisumu, nimepita Ahero, nimepita Awasi, mlima umeanza, na mbele kuna trela ya miwa inatambaa. Nikaangalia, ni wazi, nikatoka kuovateki. Kwanza ikaenda vizuri, halafu nikiwa sambamba na tairi za nyuma za trela ikakata. Haikuzima, ilikuwa tu ni kama kuna mtu ameifunga kamba nyuma akavuta. Mbele naona Probox inakuja, na mnajua hao watu wa Probox breki kwao ni kitu cha kusikia redioni. Nikarudi nyuma ya trela jasho linanitoka mpaka kwa vidole. Taa ya cheki enjini ikawaka. Nikasimama kando, nikazima, nikangoja kidogo, nikawasha tena na nguvu ikawa imerudi, nikaenda polepole mpaka nyumbani na kila kitu kilikuwa sawa. Hapo ndipo hii shida ni mjanja, ukiendesha kama mwalimu mkuu anaenda kanisani hautaiona kabisa. Inakuja tu ukikanyaga.

Sasa gereji ya kwanza, ya hapa Nakuru. Jina siweki. Ni mahali pasafi, sakafu ya tailsi, kuna kahawa ya bure na televisheni, na vijana wamevaa ovaroli ambazo hazijawahi kuona oili. Kijana akachomeka laptopu yake, dakika mbili akasema kodi, yaani namba ya hitilafu, ni P0087, presha ya petroli kwenye reli (ile paipu inayogawia silinda petroli) iko chini. Madam, hii ni pampu ya presha imeenda. Nikamuuliza, mmefungua mkaona? Akanijibu, "Madam, mashine ishasema."

Nikauliza bei. Akaniambia 27,000 pampu ya eks-Japan, yaani iliyotumika, leba 6,000, halafu akaongeza kwa heshima zote, "ama kama kuna mtu ungependa kushauriana naye kwanza, mzee nyumbani." Mzee nyumbani! Mzee nyumbani hajui hata boneti inafunguliwa upande gani. Nikalipa hapo hapo kwa hasira, na nikikumbuka vizuri hiyo hasira ndiyo ilinifanya nisiulize swali la pili. Wakaongeza na sevisi, 3,500, oili wakapima kutoka kwa drum, 20W-50, wakasema ni nzito inafaa gari iliyotembea. Na kuchomeka laptopu ni 1,500. Jumla 38,000. Baada ya saa moja na nusu nimetoka, sikuonyeshwa pampu ya zamani, sikuonyeshwa chochote, risiti nzuri ya kompyuta nikapewa.

Gari ikawa poa wiki saba. Mlima nikarudia kuimba.

Wiki ya nane ikanikatia pale Kondele saa kumi na moja jioni, yaani kama unajua Kondele hiyo saa unajua ninasema nini, boda zimenizunguka kila mmoja ni fundi, mmoja anasema ni plagi, mwingine anasema petroli niliweka wapi, mwingine anataka tu kunisukuma kwa 200. Na safari hii hata nikizima na kuwasha hairudi vizuri, inatetemeka. Nikampigia mteja wangu mmoja mwenye agroveti upande wa Kibuye, akaniambia usiipeleke mbali, kuna mzee, nakutumia kijana akuonyeshe.

Usitarajie ubao wenye jina. Ni geti la mabati, ndani miembe miwili, gari kama sita, nyingine zimekaa mpaka nyasi zimepita katikati ya rimu. Hakuna kahawa. Kuna benchi, na mama wa chapati na maharagwe anakuja saa saba. Mzee ni wa miaka sitini na kitu, miwani imefungwa na waya wa shaba upande mmoja. Nikamsalimia, "Jaduong', habari za jioni," mimi si Mjaluo lakini hiyo heshima naijua, akacheka akaniita nyathina, mtoto wangu, na tangu siku hiyo hajawahi kuniita madam.

Kitu cha kwanza aliniuliza hakikuwa gari inafanya nini. Aliuliza oili ulibadilisha lini, na ni oili gani.

Nikamwambia ya drum, 20W-50. Hakusema kitu. Akavuta ile fito ya kupima oili, akapaka kwa kidole, akasugua na kidole gumba, akainusa. Akanipa na mimi ninuse. Inanuka petroli. Akasema sawa, wacha enjini ipoe, kesho asubuhi nafungua, bolti ni 3, dakika ishirini, hiyo sikulipishi, ukishaona mwenyewe ndio tutaongea pesa.

Nikalala kwa binamu yangu Mamboleo, saa mbili asubuhi niko pale.

Hapa nitakaa kidogo juu ndio sababu naandika. Kwanza hakushika spana. Alitoa fyuzi ya pampu ya petroli ya kwenye tangi, akaiwasha gari ikanguruma kidogo ikajifia yenyewe, akaniambia hiyo paipu ikifanya kazi ina presha zaidi ya bar 100, tairi yako ni kama 2, ukifungua bila kuimaliza itakutoboa mkono. Hata hivyo akaizungushia kitambaa. Halafu akachukua biti ya nyota, bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, pampu ikatoka. Akaingiza vidole viwili kwa lile tundu, akatoa kitu kidogo kimejaa oili, akakipangusa na shati yake.

Ni kikombe. Kichuma kidogo kama kile kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya watoto ya kikohozi. Akakiinua juu kwa macho, mkono mwingine akanivuta karibu nione. Katikati ya kitako kulikuwa na shimo. Shimo safi, la mviringo, naona tawi la mwembe upande ule mwingine.

"Pampu ya hao vijana haikuwa mbaya," akasema. "Waliiweka juu ya shimo."

Mafundi wanakiita kam folowa. Nitaeleza vile nilielezwa, nikikosea kidogo nisameheni mimi ni mtu wa dawa za minyoo. Kwa hii enjini petroli inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hivyo inahitaji presha kubwa sana, na hiyo presha inatoka kwa pampu ambayo imekaa mwisho wa kichwa cha enjini na haina mota. Inasukumwa na kamshafti, ule mhimili wa kufungua vali. Kamshafti ya kuingiza hewa ina nundu tatu za ziada, ikizunguka nundu zinasukuma pistoni ndogo ya pampu, juu chini juu chini. Katikati ya nundu na pistoni ndipo kunakaa hicho kikombe, kazi yake ni kula msuguano ili hivyo vitu viwili vya bei visigusane. Kikiwa kipya kitako chake ni cheusi, kina kama rangi ngumu hivi ya kukilinda. Hiyo nyeusi ikiisha unaona duara ya fedha, halafu chuma chenyewe kinaanza kulika, kinabonyea, kinakuwa chembamba kama kifuniko cha soda, mwisho kinatoboka. Kikitoboka, nundu inaanza kupiga pistoni ya pampu moja kwa moja, chuma kwa chuma, pistoni inatafunwa inakuwa fupi, presha inashuka, na kompyuta inaandika P0087.

Kwa hivyo laptopu ya Nakuru haikudanganya hata kidogo. Ilisema presha iko chini na presha ilikuwa chini. Haikuulizwa kwa nini, na hakuna mtu alitaka kuweka vidole kwa tundu. Na kutoa pampu lazima zile bolti 3 zitoke, kwa hivyo siku ile ile yule kijana alikuwa amefungua, kikombe kilikuwa pale mbele ya macho yake, akaweka pampu ya 27,000 juu yake akafunga. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko pesa.

Mzee akanionyesha ile pampu ya wiki saba. Kichwa cha pistoni kilikuwa kimepanuka kando kama kichwa cha msumari uliopigwa nyundo vibaya. Halafu akaniambia washa taa ya simu uangalie ndani, nikaona zile nundu za kamshafti, zina mistari, na moja ukipitisha ukucha unasikia ukingo. Hapo nikajua sitatoka na kikombe peke yake.

Akamwaga oili kwa mtungi uliokatwa. Nyeusi, nyepesi kuliko vile 20W-50 inafaa kuwa, petroli imeingia ndani. Akatoa filta, akaikata na msumeno, akavuta ile karatasi ya ndani akaitandaza juu ya gazeti kwenye jua kama mtu anaanika omena, akapitisha sumaku ya spika chini ya gazeti. Vumbi ya fedha ikaanza kutembea. Ikifuata sumaku, kama kitu kina uhai. Nikakaa kwa benchi.

Nikamuuliza, Jaduong', ni mimi nimeua hii gari? Akasema hapana, hili shimo lilianza kabla yako. Mwenye alikuwa nayo alikuwa anabadilisha oili akikumbuka, na hizi enjini zinakubali kuchafua oili na petroli, hasa ukiwa mtu wa safari fupi fupi, unaenda dukani, unazima, enjini haijapata moto wa kutosha kukausha hiyo petroli itoke kwa oili. Oili ikiwa imekonda hakuna kitu kati ya kikombe na nundu. Halafu ya drum ikaja kumalizia. Turbo nayo inataka oili ya sinthetiki, 5W-40, yenye namba ya kiwango cha mwenye kutengeneza gari, na hiyo namba haiko mbele ya mkebe kwa maandishi ya dhahabu, iko nyuma kwa maandishi ya siafu. Mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na kinachoushikilia ni utando wa oili tu. Ukitoka mlima na kuzima ghafla, oili iliyobaki ndani inapikwa inakuwa masizi. Sasa mimi nikifika juu Mau Summit nikitaka kununua viazi, naacha inguruma dakika moja mbili kwanza, wauzaji wananiona mshamba sijali.

Turbo yenyewe akaikagua bila kuitoa. Akatoa paipu, akashika kile kipropela na vidole, akakitikisa kando, kinacheza kidogo tu, akakivuta mbele na nyuma, hakichezi. Akasema hii iko sawa, mtu akikuuzia turbo nyingine mkimbie. Angetaka angeniuzia, mimi siku hiyo ningenunua hata enjini ya meli.

Nilimuuliza pia kwa nini Mjerumani na akili zake zote aliweka kichuma kinachosuguana hivyo. Akasema enjini zilizokuja baadaye walibadilisha, wakaweka chenye roller kinachobingirika. Lakini akacheka, akaonyesha gari ingine kwa mwembe wa pili, akasema hizo nazo zina kilio chao, tenshena (kile kikaza) ya cheni ya timing na kula oili. Mwenyewe anaendesha pikapu ya miaka ya tisini, dizeli, haina hata turbo.

Sasa kusubiri. Kamshafti haiko Kisumu, lazima itoke Nairobi, Kirinyaga Road, ipande matatu ya usiku kama paseli. Ikafika siku ya tatu. Mzee akaifungua, akapitisha ukucha, akaiweka chini akasema hii imeliwa kama yako, rudisha. Nikamwambia Jaduong' si tuiweke tu, nimechoka, akaniangalia juu ya miwani kwa muda akasema, ile ya Nakuru pia walikuwa na haraka. Nikanyamaza. Ya pili ikachukua siku nne zingine. Hii alinionyesha, nundu zote tatu laini kama kioo.

Niweke hesabu wazi maana najua ndiyo mnatafuta. Kamshafti 38,000. Pampu ingine 30,000, eks-Japan pia lakini hii aliifungua tukaona pistoni kabla nilipe. Kikombe kipya 4,500. Belti ya timing, ile inayozungusha kamshafti, na roller zake 16,000, juu kamshafti haitoki bila belti kutoka na ya kwangu ilikuwa na nyufa. Oili na filta mara mbili 14,000, hii ya mara mbili nilibishana, akasema ya kwanza ni ya kuosha, tembea kilomita 500 uilete niimwage na chuma iliyobaki, na alikuwa sawa maana ya kwanza ilitoka bado inameta. Gasketi na vitu vidogo 3,500. Leba 18,000, na hapo alishusha mpaka sampu, lile karai la oili la chini, akasafisha kile kichujio cha oili kilichokuwa kimeziba nusu. Jumla 124,000. Ukiweka na 38,000 za Nakuru ni 162,000, na yote yalianzia kwa kitu cha 4,500 ambacho kukiangalia ni dakika ishirini.

Mazuri ya hii gereji nishasema, anafungua kabla ya kutaja bei na anakuita uone. Spea za zamani zote nilipewa kwa gunia. Hakuniuliza mzee nyumbani hata siku moja.

Mabaya yapo. Simu hashiki, hashiki kabisa, ukitaka kujua gari imefika wapi unampigia mama wa chapati. Risiti ni karatasi ya daftari ya shule, mimi kampuni yangu haikuikubali ikabidi nilipe mfukoni. Gari inalala nje na mvua ya Kisumu ikija inakuja, mikeka yangu ilipata kuvu. Jumamosi ni mpaka saa sita, Jumapili hakuna, ni Msabato wala si Msabato sikuelewa, yaani siku zote mbili anapumzika kidogo. Na kama una haraka usiende. Nasema kwa uzito. Kuna mwanaume alikuja na gari yake siku moja nikiwa hapo, anataka ipone kabla ya mazishi ya Siaya kesho yake, mzee akamwambia tu panda matatu.

Niliporudi Nakuru nilipitia ile gereji ya tailsi na kikombe chenye shimo kwa mkono. Hawakubisha, walikuwa na adabu sana. Meneja akakishika, akakigeuza, akaniambia spea ya eks-Japan haina waranti, imeandikwa chini ya risiti, na kweli imeandikwa, maandishi ya siafu mengine. Akanipa ofa, sevisi ijayo watanitolea 2,000. Hao nawapa nyota 2, na zote ni za kahawa.

Wale mnaangalia hizi gari kwa yadi ama kwa broka sasa hivi, mwambieni muuzaji mnataka kutoa bolti 3 za pampu ya presha na kuangalia. Akikataa umejua. Na ukishanunua kiangalie kila kilomita 15,000 hivi, oili badilisha kila 5,000 mpaka 7,000, usingoje taa. Hizo takwimu ni za mzee, mimi naandika tu.

Apdeti: nimerudi kwake baada ya kilomita 11,000. Bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kikombe bado cheusi, kina kiduara kidogo cha kung'aa katikati kama sarafu ya shilingi imeguswa na unyevu. Akasema kirudi, bado ni kijana. Nikampa 1,500, akanirudishia 500.

Na ile nyota. Siku ya kunirudishia gari mara ya kwanza alikuwa ameijaribu mwenyewe mpaka Ahero na kurudi, na akashuka akashikilia kiti cha dereva na mkono wa kulia, vidole vyote vitano na kiganja. Kiti changu ni cha kitambaa, rangi ya maziwa. Nimejaribu sabuni ya vyombo, nimejaribu petroli, nimejaribu ile povu ya watu wa kuosha magari pale Lwang'ni. Mkono bado uko.